Mashine ya juisi ni nzima, kijitabu chake ndicho kinachonikera

Tuanze na sifa, maana mashine inazo. Ni ya aina ile inayokamua polepole, yenye parafujo nene ya plastiki ngumu inayozunguka kama mara 60 kwa dakika. Siyo zile zenye kisu kinachozunguka maelfu ya mara na kupiga kelele mpaka jirani akajua unakunywa nini. Hii inanguruma kidogo tu. Unatumbukiza kipande cha tufaha juu, parafujo inakidaka, inakisukuma chini huku ikikibana kwenye chujio. Juisi inachuruzika mdomo wa mbele, makapi yanatoka mdomo wa pembeni yakiwa makavu kiasi kwamba ukiyafumbata kiganja hakilowi. Nimefundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu, na nimeshughulika na vifaa vya kuchujia vya kila namna, vingi vibovu. Hiki ni kifaa cha kuheshimika.

Mota ina nguvu. Karoti nzima haiitishi. Tangawizi ambayo ingeshinda blenda nyingi inapita bila kukwama, ingawa nyuzi zake hujisokota kwenye parafujo na itabidi uzitoe kwa vidole. Umeme unaokula ni mdogo. Kasoro yake kubwa kimwili ni chujio: matundu ni madogo mno, na nyuzi za embe au nanasi zikishakaukia humo, ile brashi waliyoiweka kwenye boksi haikusaidii, utatafuta sindano. Kasoro ya pili ni mpira unaozuia juisi isivuje chini ya bakuli. Huingia upande mmoja tu, na hakuna alama inayokuonyesha upi. Ukiukosea, meza nzima inanata.

Hayo yote nayasamehe. Nisichokisamehe ni kijitabu kilichokuja nayo.

Wanasema kizuri chajiuza, lakini waliotengeneza mashine hii hawakuamini hivyo, wakaajiri mtu wa kuandika kurasa kadhaa za afya. Kwenye ukurasa wa pili tu, kwa herufi nene, imeandikwa kwamba sukari iliyomo kwenye matunda ni ya asili, kwa hiyo unaweza kunywa juisi bila kuhesabu. Binti yangu ndiye aliyeninunulia mashine hii, baada ya zahanati kuniambia kuwa sukari yangu iko mpakani, bado si ugonjwa lakini pana dalili ya kuelekea huko. Alikuja nayo amefurahi. "Baba, hii ni sukari ya asili, haina neno." Sentensi hiyo hakuitunga yeye, ilitoka ukurasa wa pili.

Sasa, mwanafunzi wangu angeniletea jibu la namna hiyo ningeandika pembeni: nusu kweli, fafanua. Molekuli ya fruktosi, yaani sukari ya matunda, haina cheti cha kuzaliwa. Iliyotoka kwenye tufaha na iliyotoka kiwandani ni ile ile, kaboni sita, hidrojeni kumi na mbili, oksijeni sita. Ini halina namna ya kuuliza ilizaliwa wapi. Na kwa kuwa mashine inatoka na kijitabu kinachosema kinyume, niliona nichukue mizani ya jikoni nipime.

Kilo moja ya matufaha, yametolewa mbegu na vikonyo. Juisi iliyotoka ilikuwa gramu 690. Makapi, gramu 270. Zilizobaki zilikuwa zimeganda ndani ya mashine. Tufaha lina sukari kama gramu 10 katika kila gramu 100, na juisi yake iko karibu hapo hapo, kwa sababu sukari inayeyuka na kufuata maji. Piga hesabu: jagi lile lilikuwa na sukari kama gramu 70, karibu vijiko vidogo 17. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linapendekeza sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu yote unayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50 kwa kiwango cha kwanza na gramu 25 kwa cha pili. Glasi moja ya kawaida ya juisi hii, mililita 300, inakupa kama gramu 30. Soda ya kola ingekupa kiasi kile kile au kuzidi kidogo.

Mtu atauliza, kwani sukari huru ni ipi? Hapo ndipo kijitabu kinapoanguka. Shirika hilo limeitaja wazi: ni ile inayoongezwa na mtengenezaji, mpishi au mlaji, pamoja na iliyomo kwenye asali, shira na juisi za matunda. Juisi imo. Tunda zima halimo. Wataalamu wale wale, karatasi ile ile, sukari ile ile, wakaiweka juisi upande mmoja na tunda lililotoa juisi hiyo upande wa pili. Kama asili ya sukari ndiyo ingekuwa hoja, vyote viwili vingekaa pamoja.

Kinachovitenganisha kiko kwenye lile bakuli la makapi. Niliyachukua nikayatazama kwa lenzi. Kwenye tufaha zima sukari imefungiwa ndani ya seli, na kila seli ina ukuta wa selulosi, na kati ya kuta kuna pektini inayozigandisha pamoja. Ukitafuna, unavunja seli nyingi lakini si zote, na vipande vinashuka tumboni vikiwa bado vimeshikilia sehemu ya mzigo wao. Pektini inavuta maji, inakuwa nzito kama uji, na sukari inajipenyeza kidogo kidogo kuelekea kwenye ukuta wa utumbo. Parafujo ya mashine hii, kwa uhodari wake wote, inafanya kazi moja: inavunja kuta, inatoa sukari na maji mbele, na inatupa pembeni kile kilichokuwa kinaichelewesha. Uzuri wa mashine ya kukamua hupimwa kwa ukavu wa makapi. Kwa hiyo mashine ikiwa nzuri zaidi, ndivyo inavyozidi kukutenga na sehemu ya tunda uliyoihitaji.

Kuchelewa huku kuna maana gani mwilini? Kwa fruktosi, maana kubwa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Princeton walionyesha kwa panya kwamba fruktosi ikija kidogo, sehemu kubwa hushughulikiwa na utumbo mwembamba wenyewe, hugeuzwa kuwa glukosi na vitu vingine kabla haijafika mbali. Ikija kwa wingi na kwa mara moja, utumbo unazidiwa na ziada inamwagikia kwenye ini, na ini likijaziwa kila siku hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Panya si mimi, naelewa. Lakini inasaidia kueleza kwa nini kiasi na mwendo vinaweza kuwa na uzito kuliko jina la sukari.

Na kuna ushahidi mwingine ambao wauguzi wote wanaujua na mwandishi wa kijitabu hakuutaja. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, sukari yake ikishuka ghafla, anatetemeka, jasho linamtoka, anaambiwa ale au anywe kitu chenye gramu 15 za sukari ya haraka kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Mojawapo ya vitu vinavyopendekezwa ni juisi ya matunda, mililita 120 hadi 150. Tufaha zima halipewi kipaumbele pale, kwa sababu linachelewa. Yaani juisi inatumika kama dawa ya kupandisha sukari upesi, na inafanya kazi hiyo vizuri sana. Halafu mimi, ambaye naambiwa nisiipandishe, ninaletewa hiyo hiyo kwa jina la afya.

Nyumbani ninacho kipimo cha sukari cha kutoboa kidole, kwa hiyo nilijaribu asubuhi kabla sijala kitu, siku moja juisi, siku nyingine matufaha yenyewe yenye uzito uliotoa juisi hiyo. Anayetarajia kwamba juisi ingeruka angani na matufaha yakatulia chini atashangaa. Kilele hakikutofautiana sana. Tofauti ilikuja baadaye. Baada ya juisi namba ilipanda haraka, ikateremka haraka, ikapita chini ya pale ilipoanzia, na kabla ya saa mbili kwisha nilikuwa nimefungua kabati natafuta biskuti. Baada ya matufaha namba ilishuka kwa mteremko, na biskuti sikuzikumbuka. Mama watoto alinitazama nikitafuna tufaha la tatu akasema taya zangu zimechoka kuliko tumbo langu. Alikuwa amegusa penyewe.

Mwili mmoja si utafiti, lakini utafiti upo na ni wa zamani. Mwaka 1977 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha jaribio la watu 10 waliopewa matufaha mazima, matufaha yaliyopondwa, na juisi ya matufaha, yote yakiwa na wanga gramu 60. Juisi ilinyweka haraka mara 11 kuliko matufaha kutafunwa. Iliwashibisha kidogo zaidi ya vyote. Insulini ilipanda zaidi kwa juisi na kwa yaliyopondwa kuliko kwa matufaha mazima, na baada ya juisi sukari ya damu ilishuka chini kuliko ilivyoanza. Kile nilichokiona kwenye kidole changu kiliandikwa zamani hizo, na bado vijitabu vinaendelea kuchapishwa kana kwamba hakijaandikwa.

Hapa nieleweke vizuri, kwa sababu kuna watu wamevuka upande wa pili kabisa. Wanasikia fruktosi wanaogopa ndizi. Nimekutana na mwenzangu kliniki ambaye ameacha matunda yote lakini chai yake ina vijiko vitatu. Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 2013 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa wahudumu wa afya wa Marekani zaidi ya 187,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi, na zaidi ya 12,000 kati yao walipata kisukari aina ya pili. Waliokula matunda mazima zaidi, hasa buluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari kidogo zaidi. Waliokunywa juisi zaidi walikipata zaidi. Mwaka 2017 utafiti wa China wenye watu karibu nusu milioni ulikuta waliokula matunda mabichi kila siku wana hatari ya kisukari iliyo pungufu kwa asilimia 12 kuliko wasiokula au wanaokula kwa nadra. Najua, tafiti za kufuatilia watu haziwezi peke yake kuthibitisha kisababishi. Mla matunda huenda pia anatembea zaidi na kuvuta sigara kidogo. Ndiyo maana naupenda ule wa Denmark wa mwaka 2013, mdogo lakini wa kupangiwa makundi kwa bahati nasibu: watu 63 waliotoka kugunduliwa na kisukari, nusu wakaambiwa wale angalau matunda mawili kwa siku, nusu wasizidi mawili. Baada ya wiki 12 kipimo cha sukari ya wastani hakikuonyesha tofauti kati ya makundi. Waliobaniwa matunda hawakupata faida yoyote ya kubaniwa.

Hoja moja ya wanaoogopa matunda ina kichwa. Wanasema matunda ya leo yamechaguliwa na wakulima kwa vizazi yawe matamu, si yale ya msituni. Ni kweli, na bustani ya wanyama ya Melbourne iliripotiwa mwaka 2018 kwamba imeacha kuwapa baadhi ya wanyama wake matunda, kwa kuwa utamu ule uliwaharibia meno na kuwanenepesha. Sawa kabisa kwa wanyama ambao chakula chao mbadala ni majani. Mbadala wangu mimi si majani. Ni zile biskuti za kabatini.

Turudi kwenye kijitabu, maana bado kina mengine. Kinasema mwendo wa polepole unalinda vimeng'enya vya tunda. Pengine. Kimeng'enya ni protini, kikifika tumboni kinakutana na asidi na kusagwa kama protini nyingine yoyote, kwa hiyo sioni kililindwa kwa ajili ya nini. Kinasema juisi kwa siku kadhaa bila chakula itaondoa sumu mwilini. Sumu ipi? Hawaitaji hata moja. Ini na figo zinafanya kazi hiyo usiku na mchana, na sukari nyingi si malipo yanayozifaa. Kisha kinamalizia kwa sentensi iliyonifanya nicheke peke yangu: kwamba juisi inalipumzisha tumbo lisihangaike kusaga. Hapo wamesema ukweli wote bila kujua. Kule kuhangaika ndiko kulikokuwa na faida.

Kwa haki, juisi si maji ya sukari matupu. Vitamini C sehemu kubwa inapita chujioni, potasiamu pia, na baadhi ya rangi za mimea. Kwa mtu ambaye hawezi kutafuna, au mgonjwa anayerudishiwa nguvu na hali chochote, glasi ndogo ni msaada. Huduma ya afya ya Uingereza inaruhusu juisi ihesabiwe kuwa sehemu moja ya matunda ya siku, mwisho mililita 150, hata ukinywa lita. Kwa watoto, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema mwaka 2017 kwamba aliye chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidi mililita 120 kwa siku. Kijitabu kina picha ya mtoto wa kutambaa ameshika chupa ya juisi ya machungwa. Meno yake mawili yanaonekana. Asidi na sukari pamoja, kwenye chupa ya kunyonya, zikae mdomoni asubuhi nzima. Aliyechagua picha ile hajawahi kukaa kwenye foleni ya daktari wa meno.

Sasa je, nimeitupa mashine? Hapana, na hapa ndipo nyota zinapopanda. Ndani ya boksi kuna kipande kingine ambacho watu wengi huenda hawakitoi kwenye nailoni: kichujio butu kisicho na matundu. Ukikifunga mahali pa chujio, hakuna kinachotenganishwa. Unagandisha vipande vya embe au ndizi, unavipitisha, na vinatoka laini kama aiskrimu, vyote, nyuzi na nyama pamoja. Mdomo wa makapi unabaki mtupu. Vimesagwa, kwa hiyo si sawasawa na kutafuna, lakini hakuna kilichoibwa, na kwa kuwa ni baridi unakula kwa kijiko, taratibu. Wajukuu wanapigania bakuli. Kwenye kijitabu kipande hiki kimepewa mistari miwili, mwishoni, chini ya utunzaji.

Kwa chujio lenyewe ninakamua vile visivyo na sukari nyingi: tangawizi, limau, nyanya, tango. Tangawizi na limau naweka kwenye chupa, kijiko kimoja kinatosha glasi nzima ya maji. Wageni wakija nakamua machungwa, glasi ndogo, kwa raha, na hakuna anayeambiwa ni dawa. Makapi ya karoti yanaingia kwenye maandazi ya mama watoto, ingawa analalamika yanafanya unga uwe mgumu.

Wewe ambaye sukari yako iko juu au mpakani na umeletewa mashine hii kama tiba, kula tunda na uachane na kijitabu. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari wake kabla ya kuanza kunywa matunda kwa jagi, maana hapo kuna hatari nyingine tofauti na sukari. Anayetaka smuudhi tu, blenda aliyonayo inamtosha, haitoi makapi.

Mashine naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya chujio na ule mpira. Kijitabu hakipati hata moja, isipokuwa ukurasa wa utunzaji, ambao ni sahihi: fungua mashine uisuuze papo hapo kabla hujanywa, na mpira uingie upande wenye mfereji ukitazama chini.